Kichanja cha mbao juu ya ngazi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi ya zege iliyonyooka, ukuta upande mmoja, na upande wa pili korido ya juu yenye kingo ya chuma. Nyumba za namna hii zimejaa Dar es Salaam. Ukisimama kwenye ile korido ukatazama chini ya kingo, unaona vipandio vya mwanzo viko mbali kabisa, na juu yake kuna uwazi unaokwenda mpaka darini bila kazi yoyote. Hapo ndipo pa kuweka kichanja: jukwaa dogo la mbao, kina cha mita moja na kitu, ambalo unalifikia ukiwa umesimama koridoni kwa miguu yako miwili. Hupandi juu yake, huhitaji ngazi ya kuegemeza. Unasukuma sanduku, unavuta sanduku.

Nimejenga vichanja kadhaa vya aina hii, na nitatumia vipimo vya nyumba moja ya Tabata kama mfano. Wewe pima kwako. Kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu mita 3. Vipandio 18, kila kimoja kimeinuka sentimita 16.7 na kina nafasi ya mguu ya sentimita 27. Upana wa ngazi mita 1. Kingo ya chuma ina kimo cha mita 1.

Jambo moja kabla ya yote. Hiki ni kitu kinachokaa juu ya vichwa vya watu, kwenye njia ambayo moto ukitokea usiku ndiyo ya kutokea. Kama unaishi kwenye jengo la familia nyingi na ngazi ni ya wote, usijenge. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Na kama ngazi yako ni ya mbao au ya chuma, vipimo vya hapa havikuhusu.

Kupima nafasi ya kichwa, na nafasi ya godoro

Kosa la kwanza wengi hulifanya hapa. Wanapima kichwa cha mtu tu: mita 2 kutoka ukingo wa kipandio kwenda juu, basi, wanaanza kukata. Mtu atapita kweli. Lakini ngazi haipitishi watu peke yao.

Kwenye nyumba ile ya Tabata nilikuwa nimeshachora mstari ukutani, kichanja kikienea mpaka juu ya kipandio cha kumi. Mama mwenye nyumba akapanda, akautazama ule mstari, akaniuliza, "Fundi, na godoro langu la sita kwa sita litapandaje?"

"Litapita, mama."

"Umepima?"

Sikuwa nimepima. Nikashuka nikachukua fito, na tangu siku hiyo napima godoro kwanza.

Godoro la futi 6 kwa 6 lina sentimita 183 kila upande. Likipandishwa kwa kusimamishwa ubavu, linateleza likifuata mshazari wa ngazi, kwa hiyo nafasi linayohitaji si ile ya wima kutoka kipandio hadi juu. Ni ile ya mraba, yaani inayosimama kwa nyuzi 90 juu ya mshazari, ambayo siku zote ni ndogo kuliko ya wima. Kwa ngazi ya vipimo hivi, mita 2.2 za wima zinabaki kama mita 1.87 tu ukipima kwa mraba wa mshazari. Godoro litapita kwa kusugua, na vidole vya aliyelishika vitasugua navyo.

Namna ya kupima bila hesabu: laza mbao iliyonyooka juu ya kingo za vipandio vinne au vitano, ikae kwa mshazari. Weka skwea, kile kifaa cha kupimia pembe ya nyuzi 90, juu ya mbao hiyo, na kwenye skwea simamisha fito uliyoikata kwa urefu wa mita 2 kamili. Ncha ya juu ya fito ndipo mahali ambapo kitu chochote cha kichanja kisishuke chini yake. Sogeza mbao na fito kipandio kwa kipandio, ukitia alama ukutani. Utaona alama zinapanda pamoja na ngazi. Pale alama inapogusa kimo cha chini cha kichanja chako ndipo kichanja kinapoishia.

Kwenye mfano wetu, ukiacha miguu inayolala bapa ukutani, kitu cha chini kabisa kitakuwa mbao ya ukutani, ile inayobeba ncha za boriti upande wa ukuta, ambayo tumbo lake liko mita 3.87 kutoka sakafu ya chini. Ukingo wa kipandio cha tisa uko mita 1.5. Zinabaki mita 2.37 za wima, sawa na mita 2 na sentimita moja kwa mraba wa mshazari. Kwa hiyo kichanja kiliishia juu ya ukingo wa kipandio cha tisa, na kutoka hapo hadi ukuta wa mwisho, ule unaofunga uwazi upande wa vipandio vya mwanzo, kukawa na urefu wa mita 1.5. Kidogo kuliko tulivyotamani, lakini godoro lilipita.

Kimo cha kichanja

Kinaamuliwa na kingo. Usitundike uzito wowote kwenye kingo ya chuma. Imetengenezwa kuzuia mtu asianguke, na vyuma vyake mara nyingi vimeshikizwa sakafuni kwa bolti ndogo tu. Boriti zipite juu ya kingo bila kuigusa. Kingo ikiwa na mita 1, chini ya boriti iwe mita 1 na sentimita 2 kutoka sakafu ya korido. Ukiongeza unene wa boriti na wa ubao, uso wa kichanja unakuja mita 1.13, kifuani kwa mtu wa kimo cha kawaida. Kimo hicho kinafaa kusukuma sanduku bila kuliinua begani.

Mbao

Chukua paina. Mbao nyingi za paina zinazouzwa Dar zinatoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi, kwenye shamba kubwa la miti la Sao Hill. Mninga na mkangazi ni mbao nzuri, ila hapa unalipia uzuri ambao hakuna atakayeuona.

Kwa kichanja cha mita 1.5 kwa mita 1.17 utahitaji:

– mbao 1 ya 2x6, futi 12 (mbao ya ukutani na mbao ya mbele, kila moja mita 1.5);
– mbao 4 za 2x4, futi 12 (boriti tano za mita 1.17, miguu mitatu ya ukutani ya mita 1.12, miguu mitatu ya koridoni ya sentimita 87, na vipande vya kati);
– plaiwudi 1 ya milimita 18, futi 8 kwa 4;
– bolti 6 za milimita 10, urefu sentimita 12, zile zinazotanuka ndani ya zege zikikazwa, pamoja na washa pana;
– skrubu za milimita 8 na plagi zake za plastiki, pembe za chuma za kukamatia miguu, vibati vya kuungia, misumari ya inchi 4, skrubu za inchi 2 za plaiwudi.

Ukienda kuchagua, usikubali kupakiwa. Inua kila mbao mwenyewe. Iliyo nzito kupita wenzake na baridi ukiishika ni mbichi. Ukiipigilia leo, baada ya miezi miwili itakuwa imejikunja na misumari imelegea. Funga jicho moja utazame urefu wake kama unalenga: mbao iliyopinda kama upinde inatumika, kwa sharti mgongo ukae juu, lakini iliyojisokota iache. Angalia vifundo. Kifundo kidogo katikati ya upana wa mbao hakina neno. Kikubwa kilicho ukingoni, tena katikati ya urefu, ndipo boriti inapovunjikia. Na pima kwa tepu, kwa sababu 2x4 ya dukani mara nyingi ikishapigwa randa inabaki na milimita 45 kwa 95. Hesabu zangu zote hapa ni za vipimo hivyo.

Nunua mbao wiki tatu kabla ya kazi, uzipange kivulini kwa kutenganisha kila tabaka na vijiti ili hewa ipite. Dawa ya mchwa ipakwe kabla ya kufunga, hasa kwenye ncha zilizokatwa. Wako wanaopaka oili chafu ya gari. Inasaidia kwenye nguzo za uzio, lakini ndani ya nyumba inanuka kwa muda mrefu, inachafua vitu, na inaupa moto chakula.

Upande wa ukuta: hapa ndipo pa kukaa na kufikiri

Upande wa korido ni rahisi, kwani miguu inasimama juu ya sakafu. Upande wa ukuta hakuna sakafu. Kuna ngazi chini, na ukuta wa tofali za saruji mbele yako.

Mara ya kwanza kufanya kazi hii nilitoboa ukuta pale pale mbao inapokaa, nikaingiza bolti ya kutanuka, nikaanza kukaza spana. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikaza vizuri. Wa nne nikasikia sauti kama ya mtu anayetafuna ubuyu, tofali likapasuka, na bolti ikatoka na donge la mchanga na saruji linaloenea kwenye kiganja. Bolti ya kutanuka inashika kwa kusukuma pande zote, na tofali nyingi za sokoni zina saruji kidogo mno kuhimili msukumo huo. Zenye matundu ndani ndiyo kabisa.

Zege ni kitu kingine. Na kila nyumba ya ghorofa iliyojengwa inavyopaswa ina bimu ya zege iliyopita ndani ya ukuta kwenye kimo cha sakafu ya juu. Tumia hiyo. Badala ya kuning'iniza mbao kwenye tofali, simamisha miguu mitatu ya 2x4 ikiwa imelala bapa ukutani, ncha zake za chini zikiwa zimefungwa kwa bolti kwenye bimu, na mbao ya ukutani ikae juu ya vichwa vya miguu hiyo. Uzito unashuka kwenye mguu, mguu unaupeleka kwenye zege. Tofali linabaki na kazi ya kuzuia mbao isitoke ukutani, nayo kazi hiyo inaiweza.

Kuipata bimu: hamisha kimo cha sakafu ya korido hadi ukuta wa pili kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji. Shuka sentimita 7 chini ya mstari huo, utoboe tundu dogo la majaribio kwa biti ya milimita 6. Kwenye zege drili inakwenda polepole, inalia, vumbi ni laini kama unga na la kijivu. Kwenye tofali drili inazama ghafla na vumbi ni la chengachenga. Toboa jingine sentimita 15 chini yake. Yote mawili yakiwa zege, umeipata. Yakiwa tofali, simama hapo, mwite fundi mwashi au mhandisi, kwa sababu nyumba hiyo ina habari unayopaswa kuijua hata bila kichanja.

Kabla ya kutoboa chochote zima umeme kwenye mein swichi. Bomba za waya hupanda wima kutoka kwenye swichi na hushuka wima kutoka kwenye taa, na swichi ya taa ya ngazi mara nyingi iko ukuta huo huo.

Kufunga

Utahitaji jukwaa la kusimamia. Usiweke ngazi ya kuegemeza juu ya vipandio. Laza mbao mbili za 2x8, ncha moja kwenye kipandio cha kumi na mbili, nyingine kwenye kiunzi imara cha mita 2 kwenye sakafu ya chini, mwanzo wa ngazi, na katikati zishikize kwa mguu unaosimama kwenye kipandio. Pigilia vizuizi zisiteleze. Watu wa nyumbani wajue kwamba ngazi imefungwa siku hiyo.

Anza na miguu ya ukutani. Toboa kila mguu matundu mawili yaliyoachana sentimita 15, uushike ukutani, usimamishe kwa timazi, tia alama, toboa zege sentimita 8, puliza vumbi lote litoke. Vumbi likibaki bolti haishiki. Kaza mpaka washa inaanza kuzama kwenye mbao, usizidishe. Mguu wa kwanza uwe karibu na ukuta wa mwisho, wa pili katikati, wa tatu pale kichanja kinapoishia. Vichwa vyote vitatu viwe kimo kimoja: vuta uzi kutoka wa kwanza hadi wa tatu uone wa kati. Ncha za chini zikate kwa mshazari na kuzipiga msasa, maana zitakuwa kwenye kimo cha bega la mtu anayepanda.

Weka mbao ya ukutani ya 2x6 kwa ubavu juu ya vichwa hivyo, uiunge kila mguu kwa kibati na misumari, kisha uishikize kwenye tofali kwa skrubu nne za milimita 8. Unapotoboa tofali zima ile kazi ya kugonga ya drili, acha izunguke tu.

Miguu ya koridoni inasimama nyuma ya kingo, upande wa kutembea, ikikamatwa sakafuni kwa pembe za chuma. Kabla ya kuisimamisha, paka ncha za chini rangi ya mafuta mara mbili. Maji ya kudekia hunywewa na ncha ya mbao kama na utambi. Juu yake laza mbao ya mbele, nayo kwa ubavu.

Sasa boriti tano, kila baada ya sentimita 36 hivi, zikilalia mbao ya ukutani na mbao ya mbele kwa unene mzima wa mbao. Misumari ya mshazari pande zote mbili. Kati ya boriti, katikati ya urefu wake, pigilia vipande vya 2x4 ili zisilale ubavu.

Ukiziona hizo boriti kabla hazijafunikwa, unakumbuka nyumba za mawe za Unguja na Lamu. Pale mafundi walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, ncha zikiwa zimezama ndani ya ukuta wenyewe, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Uzito ulilala juu ya ukuta, haukuning'inia kwenye msumari. Nami natafuta hilo hilo kwa paina na bolti. Mikoko yenyewe leo inalindwa, kuikata kunahitaji kibali.

Plaiwudi ikate mita 1.5 kwa 1.17 na kuifunga kwa skrubu kila sentimita 20. Ubao wa chini wa vitu usiwe huo mtupu: juu yake pigilia vijiti vya inchi moja kama chaga za kitanda. Joto na unyevu wa pwani vinafanya sanduku la ngozi lililokaa bapa juu ya plaiwudi liote ukungu upande wa chini, na hutauona mpaka siku ya safari.

Kipande kilichobaki cha plaiwudi kina kazi muhimu kuliko zote. Kikate ukuta mdogo wa sentimita 45 kwa mita 1.17, ukisimamishe kwenye ncha ya kichanja inayotazama vipandio vya juu, kikikamatwa kwa 2x4 pande zote mbili. Bila huo, siku moja mtu atasukuma kitu kutoka koridoni, na kitu cha upande wa pili kitamwangukia anayepanda. Upande wa korido tosheka na ukingo wa sentimita 5.

Kujaribu

Usikianze kwa vitu vyako. Panga madumu kumi matupu ya lita 20, uyajaze kwa mpira wa maji ukiwa koridoni: kilo 200. Kabla ya kujaza, vuta uzi chini ya boriti ya kati kutoka ncha hadi ncha na upime pengo. Watu wasipite chini. Yaache yalale usiku mzima, asubuhi upime tena. Kwa boriti hizi na urefu huu, tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa jicho. Ikizidi milimita 3 kuna kitu kimehama: angalia kwanza bolti za kwenye bimu, kisha maungio ya mbao ya ukutani. Yatazame na yale matundu ya skrubu kwenye tofali kama yana nyufa mpya.

Ikikaa vizuri, andika kwa rangi kwenye mbao ya mbele: KILO 200. Wewe unajua, lakini atakayehamia baada yako hajui.

Vinavyofaa kukaa huko ni vikubwa visivyo vizito: masanduku ya safari, sufuria za shughuli, mikeka na mazulia, vyandarua na mablanketi ya wageni. Vinavyotumika mara moja kwa mwaka viende nyuma karibu na ukuta, na uvifunge kamba ndefu ya kuvutia, kwa kuwa mkono wa mtu haufiki mita moja na zaidi. Mtungi wa gesi, mafuta ya taa, petroli ya jenereta, rangi na tina visikae hapo hata kwa siku moja.

Chini ya kichanja vipandio vya mwanzo vitakuwa na giza kuliko zamani. Funga taa ndogo kwenye ukuta wa mwisho, chini ya boriti, swichi yake iwe chini, mwanzo wa ngazi. Na kama nyumba ina watoto wadogo, ziba nafasi iliyo chini ya mbao ya mbele kwa vijiti vilivyosimama, vikiachana sentimita 10 au pungufu. Mtoto wa miaka mitatu akiona kijukwaa, cha kwanza anachofikiri ni kukipanda.

Kila baada ya masika pita na spana ukaze bolti zote sita, na gonga miguu kwa mpini wa nyundo usikilize. Mbao nzima inalia kavu. Iliyoliwa na mchwa inaitika kwa sauti ya mvungu.